Kijivu hafifu: rangi ya ukavu tunayoiandika kama rangi ya mvua

Ukisoma hadithi fupi zinazorushwa mitandaoni siku hizi kwa Kiswahili kuna kitu utakiona haraka sana, mhusika akiachwa na mchumba tu, anga linageuka kijivu. Yuko Tandika, Dar, mwezi wa pili, saa saba mchana, watu wanatafuta kivuli mpaka cha nguzo ya umeme, ila kwa sababu moyo umevunjika mwandishi anamshushia anga la kijivu, kaubaridi, na vioo vya dirisha vinavyotiririka maji. Huzuni yake siigusi, watu wanaachwa kweli. Shida yangu ni hiyo rangi, maana kijivu, hasa kile hafifu kilichopauka mpaka kinakaribia weupe, huku kwetu kina kazi zake kibao na nyingi kati ya hizo hazina uhusiano wowote na mvua, na mwandishi akishaazima ile maana ya mbali anaziacha hizi za mtaani kwake zikiwa zimelala tu.

Hebu tuanze na rangi yenyewe. Kijivu ni rangi isiyoegemea upande, yaani kitu kikipigwa na mwanga kinarudisha nyekundu, kijani na bluu kwa kiasi kimoja, kikirudisha karibu yote tunakiita cheupe, kisiporudisha karibu chochote tunakiita cheusi, na eneo lote la katikati hapo ni kijivu. Kijivu hafifu ni ile sehemu iliyosogea kwa weupe. Kwenye kompyuta wameipa mpaka namba, rangi iliyosajiliwa kwa jina hilo kwenye kurasa za intaneti ina 211 za nyekundu, 211 za kijani na 211 za bluu, kikomo kikiwa 255. Kuna kichekesho hapo, kwenye orodha hiyohiyo ile wanayoiita kijivu cheusi ina 169 halafu ile ya kijivu tu ina 128, kwa hiyo kijivu "cheusi" ni cheupe kuliko kijivu cha kawaida. Ni majina yaliyotoka kwenye orodha mbili tofauti yakaunganishwa, yakazoeleka hivyohivyo, na mpaka leo yapo.

Lakini namba hazimsaidii mtu anayetaka kuandika uso, ukuta au asubuhi. Kinachomsaidia ni kujua kitu kimekuwaje kijivu hafifu, kwa sababu vitu vingi tunavyoviona na rangi hii havikuanza nayo, imevikuta. Na kwetu mara nyingi kilichovikuta ni ukavu.

Chukua kopo la maji umwage kwenye sakafu ya sementi ambayo haijapakwa chochote. Pale maji yalipofika panakuwa peusi hapohapo. Subiri jua lipige, utaona kingo zinaanza kurudi, weusi unasogea katikati, unabaki kama kiganja hivi, halafu unaisha, kijivu kimerudi chote. Sementi haijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni vile vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vikiwa na hewa mwanga unaingia unagongagonga unatupwa nje, kwa hiyo mwingi unakurudia machoni na unaona mpauko, vikijaa maji mwanga unapenya kwenda ndani na unaorudi ni kidogo. Ndo maana mchanga uliolowa ni mweusi kuliko mkavu, ndo maana ukuta ulionyeshewa unakuwa na sura nyingine.

Sasa hamisha hicho kitu kwenye ngozi. Mtoto ametoka kuoga, hajapakwa mafuta, upepo umempiga, nusu saa tu miguu imepauka. Ngozi kavu ya juu inakuwa na vigamba vidogo sana vyenye hewa katikati, mwanga unatawanywa kama ulivyotawanywa kwenye sementi, na kwa sababu ngozi ya chini ni nyeusi huo mpauko unaonekana wazi, kijivu kabisa, magotini, kwenye viwiko, kwenye visigino. Kwaruza ugoko kwa ukucha, mstari mweupe unabaki, watoto wanaandikaga mpaka majina. Mafuta kazi yake hapo ni ileile ya maji kwenye sementi, yanaziba ile hewa, mwanga unapenya, mtu anang'aa. Mtu mweupe naye ngozi yake inakauka vilevile ila haimuumbui kwa rangi, kwa hiyo hii kwenye maandishi ya Ulaya huwezi kuikuta sana, ni ya kwetu na ya weusi wengine popote walipo.

Na angalia inabeba nini! Mwandishi akisema "mtoto alikuwa maskini, hana wa kumwangalia" ametoa taarifa. Akisema mtoto alisimama mlangoni miguu imepauka mpaka mapajani, msomaji yeyote aliyelelewa na mama, bibi au shangazi anayefukuzana na watoto na kopo la mafuta kila asubuhi ameshaelewa kwamba pale nyumbani kuna mtu hayupo, au yupo ila amechoka, au mafuta yameisha na hela ya mengine haipo. Hakuna haja ya kuongeza neno. Na sio umaskini tu, kupauka kunaweza kuwa kazi, fundi wa kufyatua tofali anarudi jioni na kope za kijivu, mvuvi chumvi imemkaukia mgongoni ikaacha michirizi, kondakta wa basi la njia ya vumbi amekuwa rangi moja na begi lake. Inaweza kuwa msiba pia, mtu siku ya nne hajajiangalia kwenye kioo, anazunguka tu na kanga ileile, midomo mikavu.

Tembo naye yumo humuhumu. Kila mtu anakuambia tembo ni kijivu, sawa, lakini tembo anayetoka mtoni ni karibu mweusi, anakuwa kijivu hafifu akishakauka. Halafu akijimwagia vumbi anabadilika tena, wale wa Tsavo wanajulikana kwa wekundu kwa sababu udongo wa kule ni mwekundu na wanauoga kila siku. Kwa hiyo ukiandika tu "tembo wa kijivu" umeandika picha ya daftari la chekechea, ukiandika tembo aliyepauka mgongoni na bado mweusi miguuni umeniambia kwamba ametoka kuvuka maji muda si mrefu na jua ni kali.

Mandhari ndo usiseme. Pita barabara ya Morogoro kwenda Iringa pale Ruaha Mbuyuni wakati wa kiangazi, au nyika ya Tsavo kati ya Voi na Mombasa kabla mvua hazijaanguka, kijivu unachokiona kule ni cha miti. Vichaka vimepukutisha majani yote, vijiti vitupu vinafuatana kilomita na kilomita, na mibuyu imesimama uchi na magome yale laini ya kijivu chenye kung'aa kidogo. Mgeni anadhani kila kitu kimekufa. Wenyeji wanajua haijafa, imefunga duka tu, mvua ikipiga vizuri wiki haiishi kijani kimetoka kwenye vijiti vilevile. Hapo mwandishi ana kijivu chenye subira, wala sio cha kukata tamaa, na nashangaa sana kinavyotumika kidogo.

Sasa kijivu cha kaskazini, hiki tulichokiazima. London katikati ya Desemba mwanga wa mchana haufiki masaa 8, jua lenyewe linapita chini chini, siku nyingi mawingu yamefunika, barabara imelowa, theluji ikianguka inachafuka. Kijivu cha kule ni cha maji, ni ukungu, ni koti lililolowa, ni siku ambayo haikuwahi kupambazuka vizuri. Watu wa kule wakiandika anga la kijivu kwa huzuni hawajakosea, wanaandika walichokiona dirishani, na Mswahili anayeishi Leicester au Minneapolis akiandika hivyo ni haki yake kabisa, ndo baridi yake hiyo anayoila. Tatizo ni sisi tuliosoma vitabu vyao shuleni, tukaangalia filamu zao, tukaichukua huzuni pamoja na hali ya hewa yake.

Huku mawingu yana hesabu nyingine. Wingu ni matone madogo ya maji yanayotawanya rangi zote kwa usawa, kwa hiyo likiwa jembamba ni jeupe, likinenepa mwanga wa kufika chini unapungua linakuwa kijivu, likinenepa zaidi linakuwa jeusi. Mkulima wa Dodoma, mkoa wenye msimu mmoja wa mvua na mvua yenyewe ya kubahatisha, haogopi wingu jeusi, analiombea. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, lakini sio kila wingu, lile la kijivu hafifu lililosambaa juu kabisa anajua limekuja kutembea. Linaziba jua asubuhi, watu wanatoka na majembe, saa nane linatawanyika. Ukitaka rangi ya kuahidiwa ukaachwa kwenye mataa, hiyo hapo, na ina nguvu kwa sababu haina huzuni ya kimapenzi ndani yake, ina njaa ya mwezi wa nne.

Nairobi kidogo nawapa unafuu. Mwezi wa sita mpaka wa nane kule kunakuwa na baridi kweli, hewa yenye unyevu ya kutoka Bahari ya Hindi inapanda nyanda za juu inatengeneza wingu la chini linalofunika mji kuanzia usiku mpaka mchana, siku nyingine halifunguki kabisa. Mtu wa Nairobi akiandika Julai ya kijivu namwamini. Limuru namwamini, Lushoto namwamini, Mbeya pia. Ila hata hapo angalia watu wanafanya nini kwenye hiyo rangi, wanauza mahindi ya kuchoma, wanavaa jaketi, wanalalamika nguo hazikauki. Julai ya Nairobi ni ya kero zaidi kuliko ya kilio.

Kuna kijivu kimoja ambacho maana yake ya Ulaya na ya kwetu zimepishana kabisa, nacho ni cha tofali la sementi. Sementi hii tunayoitumia, ile aina ya Portland, hataza yake alipewa Joseph Aspdin wa Leeds mwaka 1824, na rangi yake inatokana sana sana na madini ya chuma yaliyomo, ndo maana ile sementi nyeupe inayotumika kuziba mistari ya vigae ni ghali, lazima itengenezwe kwa malighafi yenye chuma kidogo sana. Kule kwao majengo ya zege tupu yamekuja kuwa alama ya ubaridi, ya mji usio na roho. Sasa njoo pembezoni mwa Dar, Chanika, Bunju, Kibaha huko. Nyumba ya tofali isiyopigwa plasta, nondo zimechomoza juu ya linta, madirisha mawili yana grili na matatu yamezibwa kwa bati, choo kiko nje, na ndani kuna watu wanaishi, kuna pazia, kuna redio. Hiyo rangi pale inasema watu wameacha kupanga. Inasema kulikuwa na hela ya tofali na ya bati, ya plasta bado. Inasema mwenye nyumba akipita anaiona kama itakavyokuwa, jirani anaiona kama ilivyo, na mwenye gari la kokoto anaiona kama mteja.

Na tofali linazeeka pia, hili waandishi wanalisahau. Likiwa jipya ni kijivu kilichokolea, likikaa juani linapauka, chini karibu na ardhi linapata weusi wa unyevu na matope yanayoruka mvua ikinyesha. Ukimwelezea msomaji huo ukanda mweusi wa chini na juu yake mpauko mtupu, ameshajua ujenzi umesimama miaka mingapi bila kuandika mwaka wowote. Bati nalo hivyohivyo, jipya linawaka mpaka linaumiza macho, halafu ile zinki iliyopakwa juu inakutana na hewa na unyevu inajitengenezea utando, mng'ao unakufa linakuwa kijivu kimya, na utando huohuo ndo unaolinda chuma cha chini, kutu inakuja baadaye sana utando ukishaisha. Mtaa wenye mabati ya kung'aa na mtaa wenye mabati yaliyofifia ni mitaa miwili tofauti kwa umri, na huo umri unauona ukiwa juu ya daladala tu pale kwenye mteremko.

Nirudi kwenye miili ya watu kwa sababu hapa ndo makosa ni mengi. Mhusika wetu mweusi ti anapata habari mbaya, mwandishi anaandika "akawa mweupe kama karatasi". Hapana bana. Damu ikikimbia usoni kwa mtu mweusi hawi mweupe, ule wekundu wa chini ya ngozi unaondoka, kinachobaki ni rangi ya majivu, ngozi inapoteza uhai, midomo inakuwa ya kijivu. Hata hospitali wanalijua hili, kwa mgonjwa mweusi upungufu wa damu hawautafuti mashavuni, wanafunua kope ya chini waone utando wa ndani, wanaangalia ulimi, fizi na viganja. Na akikosa hewa ya kutosha, pale ambapo mzungu anapigwa bluu midomoni, huyu wetu inaweza kuonekana kijivu au weupeweupe kuzunguka mdomo. Kiswahili kina neno la hali hiyo, uso umemsawijika, na halihitaji karatasi. Unaweza kuandika alipokea simu, akasikiliza, uso ukasawijika, akaanza kutafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia. Nadhani hiyo inamtosha msomaji wa Kiswahili kuliko karatasi zote.

Mvi tupite haraka, zimeandikwa mno. Kitu kimoja tu cha kujua ni kwamba unywele wa kijivu kwa kweli karibu haupo, kila unywele unaopoteza rangi yake unaishia kuwa mweupe, kijivu tunachokiona kichwani ni mchanganyiko wa nyeupe na nyeusi kwa mbali. Kwa hiyo ukimsogeza mhusika karibu na mzee, kijivu kinavunjika. Akiwa barabarani ni mzee mwenye kichwa cha kijivu, akiinama kukusalimia unaona nywele nyeupe moja moja zimejipenyeza, za masikioni zimetangulia, ndevu zimeshakuwa nyeupe kabisa. Huo ukaribu unapimika kwa rangi na ni wachache wanaoutumia. Ila kuna kingine cha wazee ambacho sijakiona kikiandikwa ipasavyo, ule mduara wa kijivu hafifu unaozunguka mboni ya jicho. Ni mafuta yanayojikusanya pembeni ya kioo cha jicho kadiri umri unavyokwenda, hayamzuii kuona, sio mtoto wa jicho, huyo anakaa katikati na anaziba. Ukikaa na bibi yako karibu akikupa mkono utauona, kahawia iliyokolea katikati, halafu pete ya kijivu iliyo karibu na bluu. Mtu akiniandikia hiyo pete sihitaji kuambiwa bibi ana miaka mingapi.

Jivu lenyewe sasa. Tunasema moto huzaa majivu, na maana yake kila mtu anaijua, baba wa kutisha mtoto wa hivyohivyo. Ni msemo mzuri ila umelikandamiza jivu, limebaki kuwa takataka tu, mwisho wa habari. Mpishi anajua vingine. Jiko la mkaa likishakolea, makaa yanajivika kijivu hafifu, laini, ukiangalia haraka unadhani moto umezimika, sufuria inachemka lakini. Ukipiga kipepeo mara mbili lile jivu linapeperuka, wekundu unatokea chini yake palepale, ukiacha kupepea unajifunika tena. Kaboni inaungua inakwenda hewani, kinachobaki juu ni chumvichumvi na madini ambayo mti uliyanyonya kwenye udongo na hayaungui, na ganda hilo linazuia hewa isifike kwa wingi, moto unakaa muda mrefu. Mtu mkimya mwenye hasira ya miaka kumi, ndoa iliyotulia ambayo haijafa, chama kilichoshindwa uchaguzi, vyote vinaingia humo, ila sharti uonyeshe kipepeo, usiniambie tu "chini ya majivu kulikuwa na moto".

Halafu kuna Ol Doinyo Lengai, ambao unanibomolea hoja yangu ya ukavu na siwezi kuuacha kwa sababu hiyo. Volkano hii ya kaskazini mwa Tanzania, Mlima wa Mungu kwa Wamasai, ndo pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya aina yake leo, lava ya kaboneti yenye sodiamu nyingi, ya nyuzijoto kama 500 hadi 600 tu, wakati lava za volkano nyingine nyingi zinapita 1,000. Inatoka nyeusi au kahawia, inatiririka nyepesi, halafu ikipoa inaanza kunyonya unyevu wa hewani, madini yake yanabadilika, na ndani ya masaa au siku chache imekuwa kijivu, baadaye nyeupe kabisa. Moja ya madini hayo linaitwa nyerereaiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Hapo kijivu kimeletwa na maji, sawasawa, nakubali. Ila bado ni kijivu cha kitu kilichotokea, ukipanda kule juu unaweza kukadiria mtiririko upi ni wa jana na upi ni wa zamani kwa rangi tu.

Kuna kijivu kingine ambacho hakiko kwenye vitu, kiko kwenye macho yetu. Jicho lina seli za aina mbili za kupokea mwanga, moja zinatambua rangi lakini zinahitaji mwanga wa kutosha, nyingine zinafanya kazi kwenye giza na rangi hazijui kabisa. Alfajiri hizi za pili ndo ziko zamu. Kwa hiyo kabla jua halijatoka dunia nzima ni kijivu cha viwango tofauti, na viwango vyenyewe havifanani na vya mchana. Nenda nyuma ya nyumba alfajiri uangalie kanga mbili zilizolala kwenye kamba, nyekundu na ya bluu. Ile nyekundu, ambayo mchana ndo inapiga kelele kuliko zote, hiyo saa ni kipande cheusi, na ya bluu imekuwa kijivu hafifu, inaonekana kwanza. Mwanasayansi Jan Purkinje wa Bohemia, Ulaya ya kati, alilieleza jambo hili mapema kwenye karne ya 19 na linaitwa kwa jina lake mpaka leo. Waislamu wanaijua hiyo saa kwa kipimo kizuri zaidi, ile aya ya Suratul Baqara inayosema kuleni na kunyweni mpaka ubainike weupe wa alfajiri na weusi wa usiku, uzi mweupe na uzi mweusi. Kwa mwandishi faida iko wazi, usinipe bustani yenye maua mekundu saa kumi na moja kasorobo alfajiri, mhusika hawezi kuyaona mekundu, mpe weusi kwanza halafu wekundu uje wenyewe polepole, na msomaji atahisi kunakucha bila kuambiwa kunakucha.

Na tusijifanye rangi hii ina maana za kale tu. WhatsApp walipoleta tiki za bluu Novemba 2014, walikipa kijivu hafifu maana mpya ambayo sasa hivi ina nguvu kuliko anga lolote. Tiki moja ya kijivu, simu yake imezimwa au bando limeisha au umeblokiwa. Tiki mbili za kijivu, imefika na hajafungua, au amefungua kwa ujanja amezima zile za bluu. Watu wamelala na simu kifuani kwa ajili ya tiki mbili za kijivu, mahari zimeyumba. Kwenye simu hiyohiyo kitufe kisichobonyezeka ni cha kijivu, maandishi yanayokuonyesha pa kuandika ni ya kijivu, yaani imekuwa rangi ya "bado" na "haiwezekani". Kwa hadithi ya Tandika mwezi wa pili, mhusika wetu aliyeachwa, kijivu chake kiko hapo kwenye kiganja, sijui mwandishi alikwenda kutafuta nini mawinguni.

Jambo la mwisho ni la majirani. Kijivu hafifu kinategemea sana kimekaa pembeni ya nini. Mkemia Michel-Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa idara ya rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, wateja wakalalamika nyuzi nyeusi zimepoa, akachunguza akakuta nyuzi hazina kosa lolote, kosa ni rangi zilizosukwa karibu nazo, akaandika kitabu kizima kuhusu hilo mwaka 1839. Mwaka 1995 Edward Adelson wa chuo cha MIT, Marekani, akachora ubao wa draftidrafti wenye kivuli, vyumba viwili vina kijivu kilekile kabisa ila jicho linakuapia kimoja ni cheupe na kingine cheusi, na hata ukishaambiwa huwezi kuacha kuona hivyo. Kwenye sentensi inakuwa hivyohivyo. Chukua kasuku wa misitu ya Kongo, mwili mzima kijivu, manyoya yana kingo zilizopauka, uso mtupu weupeweupe, huyo peke yake ni ndege wa kawaida tu, sasa muongezee ule mkia mwekundu wa damu na ghafla kijivu kinakuwa cha kifahari, ndo uzuri uliomponza mpaka biashara ya kimataifa ya wanaokamatwa porini ikapigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 2016. Kunguru hawa weusi wa Zanzibar na Dar, walioletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, nao wana kola ya kijivu shingoni, lakini kwa sababu imebanwa na weusi pande zote inaonekana chafu, na hakuna mtu anayewasifia.

Kwa hiyo nikipata sentensi kama "alivaa shati la kijivu hafifu" huwa nauliza mawili tu, lilikuwa hivyo dukani au limefikishwa hapo, na limekaa pembeni ya nini. Kama lilikuwa jeusi likafuliwa mpaka likachujuka, na pale mshono wa mfuko uliobanduliwa pamebaki mraba mweusi wa rangi ya mwanzo, basi andika huo mraba, shati lote litajulikana lenyewe. Kama lilinunuliwa hivyohivyo na halina jirani yeyote wa kulisukuma huku wala kule, nafikiri ni afadhali mwandishi aseme tu amevaa shati aendelee na habari.